Kabla hujavunja ampuli ya diklofenaki

Ukianza kazi wodi ya upasuaji, utaandika diklofenaki kila siku. Ni dawa nzuri ya maumivu: ikitolewa ipasavyo, mgonjwa anahitaji morfini au tramadoli kidogo, na kichefuchefu na usingizi mzito hupungua. Wageni wengi hawakosei dozi. Wanakosea saa.

Mama aliyezaa kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo hukaa saa mbili tatu bila kusikia maumivu. Ukiandika "apewe akilalamika", ganzi itakwisha wakati dawa ingali kwenye ampuli, na sindano ya msuli huchukua kama nusu saa kushika. Mpe angali hasikii kitu, kisha andika saa zenyewe: diklofenaki miligramu 75 saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, pamoja na parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6. Diklofenaki isizidi miligramu 150 kwa siku, na sindano zisipite siku 2. Akianza kula, mhamishie kwenye vidonge.

Choma robo ya juu ya tako, upande wa nje, ndani kabisa ya msuli. Vuta pistoni kwanza. Ukiona damu, toa sindano. Dozi inayofuata iende tako la pili. Mgonjwa akiruka kwa maumivu makali wakati unasukuma, acha hapo hapo, usimwambie avumilie: huenda umegusa neva au mshipa, na matokeo yake ni mguu kupooza au nyama ya tako kufa.

Kinachotisha zaidi ni figo. Prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu kwenye kidonda ndizo hizo hizo zinazoutanua mshipa wa kuingiza damu kwenye figo pale mwili unapopungukiwa maji au damu. Diklofenaki huzizima kote. Mtu mwenye maji ya kutosha hatajua. Aliyepoteza damu lita moja na nusu figo zake zinaweza kufeli. Kwa hiyo inama uangalie mfuko wa mkojo. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kila saa. Mwenye kilo 60, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, awe na mililita 180. Ukikuta 70, tena rangi ya chai ya rangi, tafuta damu inapotokea, mwongeze maji, na diklofenaki isubiri. Mzee anayetumia dawa za presha kama losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojosha, mpe parasetamoli na opioidi (kama morfini) kidogo, umwache hivyo. Mwenye kifafa cha mimba, soma kwanza kreatinini (kipimo cha figo) na chembe za kugandisha damu.

Ukiuliza kama ana mzio, wengi watasema hawana. Uliza dawa gani humkataa, kama aspirini iliwahi kumbana kifua, kama amewahi kutapika damu.

Halafu soma karatasi ya mtoa ganzi. Mara nyingi ketorolaki miligramu 30 ilishapita kwenye dripu kabla mgonjwa hajatoka thieta. Kuongeza diklofenaki juu yake hakuzidishi nafuu hata kidogo. Kunazidisha hatari ya tumbo kutoka damu. Ni familia moja, majina tofauti tu.

Kosa hilo hilo hurudi siku ya kuruhusiwa. Umemwandikia ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5. Njiani ndugu yake anapita duka la dawa, anauziwa vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na parasetamoli yako anayo mfukoni. Mwambie yeye na anayemuuguza, ukitaja dawa hizo kwa majina wanayoyajua wao, na uwaonye kwamba choo kikiwa cheusi kama lami, dawa iachwe na arudi siku hiyo hiyo.