Kukaa uchorwe kwenye sherehe: kubali, ila kwa masharti

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali kukaa kifua wazi na kikoi uchorwe na kina dada wanaomuaga bibi harusi mtarajiwa, huko Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kubali. Uingereza shughuli hizi zimezoeleka, na wachoraji wengi hawajashika penseli tangu shule.

Kinachochosha ni kutulia. Anza na mikao ya dakika 1 au 2 wapashe mkono, kisha 5, mwisho 15 ukiwa umeketi. Mkono usiuinue juu kwenye mkao mrefu, vidole vitakufa ganzi. Mara yangu ya kwanza niliegemea mguu mmoja. Dakika ya kumi goti likaanza kutetemeka, jasho likitiririka mgongoni, na upepo wa ziwa umekata. Siku hizi nazungushia nyayo chaki sakafuni, nikitoka kupumzika narudi palepale.

Hela chukua nusu kabla. Simu zikae mbali mpaka uvae shati, hapo usilegeze hata kidogo: picha ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, imekwenda. Mwenyeji awatangazie kabla vinywaji havijafunguliwa. Wakianza kukushikashika, vaa uondoke. Mimi nilishaondoka mara moja, na hela yangu nililipwa.