Maswali ya Wasomaji: Moyo unahusikaje na mkojo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu moyo umetanuka, miguu inavimba, kliniki wamempa vidonge vya kukojoa. Mdogo wangu anasoma UDOM kaniambia eti panya wakidungwa kitu kilichotolewa moyoni wanakojoa sana. Sasa kama moyo una dawa yake wenyewe, mbona baba anavimba? (Msomaji, Ipagala, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Mdogo wako kasema kweli. Mwaka 1981 huko Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walisaga nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, maji yake wakawadunga panya wengine waliopigwa nusu kaputi, na muda si mrefu mkojo ukaongezeka mara 10, chumvi inayotoka na mkojo ikapanda zaidi ya mara 30, presha ikashuka, halafu walipojaribu nyama ya vyumba vya chini hakuna kilichotokea. Kumbe moyo nao unatoa homoni!

Iko hivi, damu ikijaa mpaka vile vyumba vya juu vikavutika, homoni inatoka inaenda kwenye figo, inapanua kamshipa kanakoingiza damu kwenye chujio na kubana kale kanakoitoa, kwahiyo kinachochujwa kinaongezeka, tena inazuia figo zisirudishe chumvi mwilini, na chumvi ikitoka maji yanaifuata.

Kwa baba homoni hiyo haijaisha, anayo nyingi kuliko hata wewe. Tatizo moyo ukichoka figo zinapata damu kidogo, zinaona kama mwili umekaukiwa, zinaamsha angiotensini na aldosteroni ambazo zinabana mishipa na kushikilia chumvi, na hizo ndo zinashinda. Hata panya wenye moyo uliofeli ukiwadunga ile homoni hawakojoi kama wazima. Ndo maana vidonge vinahitajika, msimwachishe eti kwa sababu anaamka usiku.

Halafu chumvi mpunguze kweli, na nyumba zetu za huku naomba muangalie mlenda, maana magadi yanayopikiwa mlenda nayo ni sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, unaweza ukaficha kopo la chumvi na baba akaendelea kuvimba. Dawa za maumivu kama diklofenaki asijinunulie dukani. Mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, akipanda kilo 2 ndani ya siku tatu mrudisheni kliniki, msisubiri tarehe.