Maswali ya Wasomaji: Maranda Yanajaa Kiwandani, Nifanye Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao za paina nje kidogo ya mji wa Mafinga. Maranda yamerundikana hadi yanaziba njia ya magari, na tukiyachoma majirani hulalamikia moshi unaokaa siku kadhaa. Nimeshauriwa nikope ninunue mashine ya kushindilia maranda yawe mkaa mbadala. Je, ni uamuzi wa busara?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kwenda benki, pima kwanza upana wa njia ambayo msumeno wako unaiacha ndani ya gogo, kwa sababu maranda hayo ni mti ulioulipia kisha ukausaga mwenyewe. Msumeno wa duara huweza kula milimita 5 hadi 6 kila unapopita, ilhali msumeno mwembamba wa mkanda hula takriban milimita 2 hadi 3. Anayepasua mbao za inchi moja, yaani kama milimita 25, kwa msumeno unaokula milimita 6, hupoteza karibu unene wa ubao mzima kila anapopitisha msumeno mara nne. Kama ni lazima ukope, mimi ningeanzia hapo, pamoja na kumlipa vizuri fundi anayejua kunoa na kupanga meno.

Mashine ya mkaa mbadala ina gharama ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ya chini, nayo ni ukaushaji. Mashine zinazoshindilia bila gundi huhitaji maranda yenye unyevu wa takriban asilimia 10, na maranda ya gogo bichi huwa na maji mara kadhaa zaidi ya hayo. Kwa mvua na ukungu wa huko kwenu Mufindi, usitegemee jua peke yake. Soko linaweza kuwapo, hasa baada ya serikali kuziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, lakini zungumza na wapishi wa shule kadhaa, wajaribu mkaa huo kwenye majiko yao, na uulize wananunua nini wakati wa likizo.

Wakati huo huo, jenga kibanda cha bati, tenganisha mabanzi, yaani vipande vya pembeni mwa gogo vyenye magome, na maranda, na maranda makavu uyafungashe kwenye viroba kwa ajili ya wafugaji wa kuku. Mabanzi huuzika kwa wachoma matofali na wajenzi wa mabanda. Usimpe mkulima maranda mabichi achanganye na udongo, kwa kuwa vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya naitrojeni na mahindi hugeuka manjano. Yaliyokwisha kutandikwa bandani, yakachanganyika na kinyesi cha kuku na kuozeshwa, ndiyo yanayofaa shambani.

Kuhusu kuchoma, acha mara moja. Lundo la maranda huungua polepole kutokea ndani, ndiyo maana moshi haukatiki, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtwisha mzalishaji wa taka wajibu wa kuzidhibiti.