Jina la mwanasiasa linapogeuka neno

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila nikifundisha misimu, yaani maneno yanayozuka mitaani, wanafunzi huniuliza kwa nini kashfa moja ya kisiasa huacha neno midomoni mwa watu, na nyingine kubwa zaidi haiachi kitu. Wajerumani waliligeuza jina la waziri wao kuwa kitenzi. Mbona sisi hatufanyi hivyo? Na neno la namna hiyo huingia kamusini lini?

JIBU: Mwalimu, anza na sarufi kwanza, siasa baadaye. Huyo waziri ni Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa na wizara ya ulinzi. Februari 2011 iligundulika kwamba sehemu nyingi za tasnifu yake ya udaktari zilinakiliwa bila kuwataja wenyewe. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Watu wakapata kitenzi guttenbergen, kunakili kazi ya mwenzio. Vitenzi vingi vya Kijerumani huishia na -en, kwa hiyo jina lile lilivaa kiambishi hicho kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Isitoshe, linatofautiana kwa herufi moja tu na jina la Gutenberg, baba wa uchapaji wa Ulaya. Mnakili kubeba jina la mchapaji! Utani ulikuwa umekwisha kuiva kabla ya kashfa yenyewe.

Linganisha na Rais Christian Wulff wa Ujerumani. Desemba 2011 aliacha ujumbe wa sauti katika simu ya mhariri mkuu wa gazeti la Bild, akijaribu kuzuia habari ya mkopo wa nyumba yake. Hapo kikazuka kitenzi wulffen. Wengine walikitumia kwa maana ya kumjazia mtu ujumbe mrefu kwenye simu, wengine kwa maana ya kukwepa ukweli bila kusema uongo wa wazi. Maana mbili zikagombania umbo moja, na neno likafifia. Wulff alijiuzulu Februari 2012, na mwaka 2014 mahakama ikamwachia huru.

Jambo la pili ni pengo. Msimu hudumu pale unapotaja kitu ambacho watu wanakiona kila siku na hawana neno fupi la kukiitia. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria ya kugawa upya majimbo ya uchaguzi kwa faida ya chama chake. Jimbo moja lilipindapinda hata mchoraji wa gazeti la Boston akaliongezea kichwa, kucha na mabawa, likawa dubwana mfano wa mjusi wa majini anayeitwa salamander. Jina la gavana na la mnyama yakaunganishwa: gerrymander. Ujanja huo haukuwa mpya wala haujakoma, ila haukuwa na jina. Na tazama neno lilivyomtupa mwenyewe: Gerry alitamka jina lake kwa G ya 'gari', lakini Wamarekani wengi leo hulitamka neno hilo kwa J ya 'jani'. Nikikutana na badiliko kama hilo hujua kwamba neno limeshaanza maisha yake, halimhitaji tena mtu.

Quisling, mwanasiasa wa Norwei, alijitangaza redioni kuwa kiongozi wa serikali tarehe 9 Aprili 1940, siku Wajerumani walipovamia nchi yake, na mwezi huohuo magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiandika jina lake katika umbo la wingi, quislings, kwa maana ya wasaliti. Sisi hatukulihitaji. Kibaraka tunaye, msaliti tunaye.

Sasa kwetu. Tuna viambishi vinavyolikamata jina la mtu kwa urahisi, u- na ki-: Karl Marx ametupa Umaksi na mawazo ya kimaksi. Lakini viambishi hivyo hulipa jina hadhi ya itikadi. Dhihaka hutaka kudunisha, na silaha yetu ya kudunisha ni ki-ji- na vi-ji-, kama katika kijitu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kashfa kwetu hunasa kauli ya mwanasiasa kuliko jina lake. Aprili 2008 iliripotiwa kwamba wachunguzi wa Uingereza waliofuatilia ununuzi wa rada ya Tanzania walikuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya waziri Andrew Chenge kisiwani Jersey. Alikanusha kosa lolote, akajiuzulu uwaziri. Lakini fedha hizo alikuwa ameziita vijisenti, na silabi nne hizo zikaenea nchi nzima. Yeye mwenyewe akaitwa Mzee wa Vijisenti. Jina lake halikunyambuliwa. Neno lake ndilo lililomgeukia. Hata pale Wamarekani wanapochomoa -gate kutoka Watergate, jengo la kashfa ya 1972, na kuipachika kwenye kila aibu, sisi tuna sakata: sakata la Richmond, sakata la Escrow. Halinyambuliki, lakini linafanya kazi ileile.

Kuhusu kamusi, mimi hutazama sentensi zilizokusanywa, na kwanza kabisa natafuta mabano. Mwandishi akiandika neno kisha akalifafanua, bado ni uvumi wa msimu. Akiliandika bila ufafanuzi, kwa herufi ndogo, akimhusisha mtu mwingine kabisa, basi limeanza kukomaa. Wape wanafunzi wako kazi hiyohiyo: kila mmoja alete sentensi tatu zenye neno hilo zisizomtaja mwanasiasa aliyelizua.

Vijisenti umbo lake ni la kawaida, mtu yeyote angeliunda. Kilichozaliwa 2008 ni maana ya pili, nami ningeiandika hivi: 'fedha nyingi ambazo mwenye nazo huziita kidogo'. Jina la mtu nisingelitia ndani ya fasili. Fasili ikimtaja, kamusi inakuwa imemhukumu, na huko si kazi yetu. Mahali pa jina ni kwenye maelezo ya asili ya neno, pamoja na mwaka, na pamoja na kwamba alikanusha.