Michezo ya reli Tabora ilikuwa chini ya SHIMMUTA

Ndugu, mchangiaji aliyeandika kabla yangu kuhusu mzee wetu wa reli alisema kwamba mashindano ambako mzee huyo alizipeleka timu za Tabora kwa miaka mingi yalikuwa ya SHIMIWI, kumbe yalikuwa ya SHIMMUTA; yote mawili ni mashirikisho ya michezo ya wafanyakazi nchini Tanzania. Reli ni shirika la umma, na SHIMMUTA ndilo shirikisho linalokusanya mashirika ya umma, taasisi na kampuni binafsi, ilhali SHIMIWI ni ya watumishi wa wizara, idara za serikali na ofisi za wakuu wa mikoa. Nayajua haya kwa kuwa nilikimbia katika timu ya riadha ya mzee huyo, na fomu za usajili alizijaza mwenyewe, kwa mkono, tena bila posho.

Hata hivyo, mbio za vijana wa mitaani alizoziandaa, ambazo kwangu mimi zina uzito kuliko vikombe vyote vya kazini, hazikuwa za shirikisho lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anayeandika wasifu wake asizichanganye na michezo ya wafanyakazi.