Dokta tuulizane: Mama anapanda ndege na insulini yake

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nipo Moshi, Soweto, ila mama yangu anaishi Kahe, ana miaka 63, ana presha na sukari na anachoma insulini asubuhi na jioni. Dada yangu yupo Ujerumani, kajifungua, sasa mama anaenda kukaa nae miezi miwili amsaidie mtoto. Anapandia KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), anabadilisha ndege Addis Ababa mpaka Frankfurt, na hajawahi kupanda ndege maishani. Dawa zote tumeshapanga kwenye begi kubwa ila jirani anatutisha kwamba insulini itakamatwa uwanjani alafu masaa ya huko ni tofauti atashindwa kujichoma. Tufanyeje? – Mama Glory, Moshi

JIBU: Marahaba mama Glory, na hongereni sana kwa mtoto. Kabla hujaendelea kusoma nenda kaitoe hiyo insulini kwenye begi kubwa. Begi kubwa linakaa chini kwenye tumbo la ndege na kule baridi inaweza kuwa kali mpaka insulini ikaganda, na ikishaganda ndo basi tena, hata ikiyeyuka ukaiona safi haifai, ni ya kutupa. Na begi lenyewe linaweza kubaki Addis wakati mama ameshafika. Kwa hiyo insulini, sindano, mashine ya kupimia sukari na vidonge vya presha vyote vikae kwenye kibegi cha mkononi, na kama mnaweka kwenye pochi yenye barafu basi chupa isigusane na barafu moja kwa moja, izungushieni kitambaa.

Uwanjani hakuna wa kumkamata. Ile sheria ya vimiminika mililita 100 haibani dawa anayoihitaji njiani, ila aseme mwenyewe mapema kwa watu wa ukaguzi kwamba ana insulini na sindano na aonyeshe barua ya daktari. Barua muombeni daktari wa kliniki yake, iwe ya Kiingereza, jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, anaumwa nini, dozi, na majina ya dawa zenyewe sio majina ya kampuni, maana famasia ya Frankfurt inaweza isilijue jina la kwenye boksi la Moshi lakini amlodipini (dawa ya presha) ni amlodipini popote. Na dawa zibaki kwenye maboksi yake, naona wengi wanazimwaga zote kwenye kopo moja kupunguza mzigo, tafadhali msifanye hivyo.

Masaa yasiwape presha. Ujerumani wapo nyuma yetu saa moja tu kipindi chao cha joto na saa mbili kipindi cha baridi, angekuwa anaenda Marekani tungekaa na kalamu kupanga dozi, huku anaendelea karibu kama kawaida. Mi wasiwasi wangu mkubwa ni chakula cha ndegeni. Asijichome mpaka sahani iwe mezani kwake, kwa sababu ndege ikianza kuyumba wahudumu wanaambiwa wakae, chakula kinasubiri, na mama ameshachoma, sukari inashuka huku kafunga mkanda. Awe na glukosi na biskuti kwenye mkoba, sio kule juu kwenye kabati la mizigo, hapo hapo mapajani. Addis mpaka Frankfurt ni masaa saba hivi, kukaa bila kunyanyuka muda wote huo kunaweza kugandisha damu kwenye miguu, kwa hiyo atembee kidogo, achezeshe vifundo, anywe maji. Wamama zetu wengi wanajinyima maji ili wasisumbue watu kwenda chooni, mkatieni siti ya pembeni ya njia muondoe hiyo shida.

Sasa hili ndo naomba dada yako alishike kuliko yote. Kahe kuna mbu. Malaria yetu hii, aina inayoitwa falsiparamu, mara nyingi inajitokeza ndani ya mwezi mmoja toka mtu aumwe na mbu, yaani mama anaweza kuondoka mzima akaanza homa akiwa kwa mjukuu, na daktari wa kule anaona mafua kila siku ila malaria anaweza asiione mwaka mzima. Sentensi ya kwanza hospitali iwe: ametoka Tanzania, apimwe malaria leo. Sio kesho, na wasikubali kurudishwa na panadol bila kipimo.

Bima ya viza ya Schengen (viza ya nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) lazima ifike angalau yuro 30,000 lakini isomeni ndani, nyingi hazilipii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya safari, kwa hiyo dawa abebe za miezi miwili na za wiki mbili juu yake. Akifika, insulini ambayo haijafunguliwa iingie kwenye friji, sio friza.

SWALI: Dokta mambo, nipo Sakina Arusha, naenda Dubai kikazi. Mgongo unanisumbua natumia tramado, na kuna jamaa kaniomba nimpelekee dawa ya kikohozi yenye kodeini. Kuna noma? – Kijana wa Sakina

JIBU: Kubwa tu, mdogo wangu. Tramado na kodeini Falme za Kiarabu ni dawa zinazodhibitiwa, lazima uombe kibali cha mamlaka zao kwenye mtandao kabla hujasafiri na uwe na cheti cha daktari, bila hivyo unaweza kuishia mahabusu. Ya jamaa mrudishie leo, dawa ya mtu mwingine usibebe hata akiwa rafiki wa utotoni. Na huo mgongo nenda kaonane na daktari kabla ya safari, huenda kuna dawa nyingine itakayokufaa isiyo na mlolongo huo.

SWALI: Kadi yangu ya njano nilichanjwa homa ya manjano 2012 na imeandikwa miaka kumi. Nichanje tena? – Msomaji, Moshi mjini

JIBU: Hapana. Toka tarehe 11 Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha, chanjo moja ni ya maisha yote, hata kwa kadi za zamani. Usiipoteze tu. Anayechanja kwa mara ya kwanza ndo awahi, cheti kinaanza kutambulika baada ya siku 10.