Kuona muhali kusikukoseshe kiwanja

Siku hizi mtu akitaka kutumia chako haombi, huanza tu. Huegesha tuktuk langoni mwako, hufunga kamba ya nguo ukutani kwako, na ukiuliza wewe ndiye mchoyo. Wengi wetu hapa Mombasa hunyamaza kwa kuona muhali: ni jirani, twaswali msikiti mmoja, mamake alimuuguza bibi. Mimi nakusihi useme mapema.

Kiwanja alichotuachia baba kule Kisauni kilikaa wazi. Jirani akajenga kibanda cha makuti cha kuuzia makaa. Kibanda kikapata mabati. Kisha tukaona mawe ya msingi. Ami yangu ndiye aliyemwendea, pamoja na mzee wa mtaa: "Ndugu yangu, sikufukuzi. Lakini hapa pana wenyewe, tuandikiane." Wakaandikiana mwenye kiwanja ni nani, ruhusa ni ya nini na mwisho wake lini, mashahidi wakatia sahihi.

Karatasi ile ina nguvu sana. Kwa sheria ya Kenya, mtu akiikalia ardhi yako waziwazi, mfululizo na bila ruhusa yako kwa miaka 12, aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba iandikwe jina lake. Anayekaa kwa ruhusa hana dai hilo maadamu ruhusa ingalipo. Akikataa kuandikiana, usijifariji na barua za malalamiko, kwani barua peke yake haisimamishi hesabu ya miaka. Fungua kesi. Kabla ya hapo lete mpima ardhi ahakikishe bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, ziko mahali pake, maana watu huzihamisha, na ufanye upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi uone jina lililopo bado ni lenu.

Na mpangaji pia ana mipaka yake. Kuna wenye nyumba wanaoingia vyumbani kwa ufunguo wa akiba wakati watu wako kazini, eti kuangalia bomba. Linaniudhi mno hili. Kulipwa kodi hakumpi mtu ruhusa ya kupekua kabati la mwenziwe, na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, nyumbani kwake na mali yake. Mwenye nyumba wangu nilimwambia kwa adabu: "Mama, ukitaka kuja nipigie simu siku moja kabla, nitakufungulia mwenyewe." Alininunia kwa muda. Sasa hupiga simu.